Uso, Kovu na Subira: Maswali ya Wagonjwa wa Upasuaji wa Uso Mjini Lubumbashi

Upasuaji wa uso kwa ajili ya sura huzungumzwa kwa sauti ya chini mjini Lubumbashi, ama kwa sababu wengi huuhesabu kuwa anasa ya wenye mali, ama kwa sababu anayeuhitaji huona haya kukiri mbele ya ndugu zake kwamba uso wake unamsumbua. Mhadhara huu unakusudia kuyatoa mazungumzo hayo hadharani kwa kuyachambua maswali wanayoyauliza wagonjwa kabla ya kupanda meza ya upasuaji, na yale yanayowajia katika miezi ya kupona, wakati ambapo uvimbe, giza la kovu na macho ya watu huwatia mashaka kuhusu uamuzi wao wenyewe. Hoja yake kuu ni kwamba wasiwasi wa mgonjwa ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kwamba haujibiwi kwa maneno ya jumla yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya nchi za mbali, bali kwa ukweli unaoihusu ngozi yake, kazi yake, majira ya mji wake na watu anaoishi nao katika parsele moja. Daktari anayelipuuza swali la mgonjwa, hata akiwa na mkono hodari, ameiacha nusu ya kazi yake bila kuifanya.

Mpaka usioshikika kati ya urembo na tiba

Vitabu vya tiba hugawanya fani hii katika matawi mawili. Upasuaji wa kurekebisha ni ule unaorudisha umbo au kazi ya kiungo kilichoharibiwa na maradhi, ajali, moto au kasoro ya kuzaliwa nayo, na upasuaji wa urembo ni ule unaobadilisha kiungo kisicho na maradhi ili kimpendeze mwenyewe, kama vile kukaza ngozi ya mashavu na shingo iliyolegea, kupunguza kope zinazoning'inia, au kulibadilisha umbo la pua. Mgawanyo huo una faida kwa anayepanga bei na kwa anayeandika sheria, lakini haumsaidii sana mgonjwa wa Lubumbashi, kwa maana mambo mengi yanayomleta kwa munganga yako katikati ya matawi hayo.

Mfano ulio wazi ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua hata baada ya jeraha kufunga, likavuka mipaka ya jeraha lenyewe na kuvimba juu ya ngozi nzima. Keloidi ya ndewe ya sikio, ambayo mara nyingi huanza baada ya kutoga, haiui wala haizuii kusikia, hivyo yuko atakayeiita jambo la urembo. Lakini mwanamke mwenye donge la ukubwa wa njugu nyuma ya hereni hufunga kitambaa kichwani sokoni, kanisani na hata kwenye harusi ya mdogo wake, huwashwa usiku akashindwa kulala, na hukataa kupigwa picha. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyeangukia mbabula akapona moto lakini akabaki na ngozi ya shavu iliyovutwa hadi kona ya mdomo, na kwa kijana aliyepata ajali ya pikipiki akabaki na mshono mpana katikati ya paji la uso. Hakuna hata mmoja kati yao anayeomba anasa, maana wanachokitaka ni kukaa mbele ya watu bila kuulizwa kilichowapata.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kuushughulikia mwili ili upendeze hakukuletwa Katanga na hospitali za kigeni. Katika jamii za Baluba wanawake walichanjwa nembo zilizoinuka juu ya ngozi, na sanamu za mbao za Baluba, ambazo leo zimo katika makumbusho mengi ya dunia, zinazionyesha nembo hizo kwa ustadi mkubwa, zikiwa alama za uzuri, za utu uzima na za kumbukumbu za ukoo. Wachanjaji hao waliitumia kwa makusudi tabia ileile ya ngozi ambayo mpasuaji wa leo huiogopa, yaani uwezo wake wa kujenga kovu lililoinuka. Kwa hiyo anayedai kwamba kujali sura ni tabia ya kuiga wageni anaisahau historia ya nchi yake mwenyewe.

Miji miwili ya Uingereza na mlima wa Afrika Mashariki

Upasuaji wa uso wa zama hizi ulikomaa kutokana na vita. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hospitali maalumu ilifunguliwa Sidcup, karibu na London, na humo Harold Gillies, mpasuaji mzaliwa wa New Zealand, pamoja na wenzake waliwatibu maelfu ya askari waliovunjwa taya, pua na mashavu kwa risasi na vipande vya mabomu. Kazi yao ilikuwa ya ajabu, lakini mji wenyewe haukujua la kufanya na wagonjwa hao: baadhi ya mabenchi ya njiani yalipakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajue kwamba hapo huenda ameketi mtu mwenye uso ulioharibika, wageuze macho mapema.

Katika Vita Kuu ya Pili, Archibald McIndoe, naye mzaliwa wa New Zealand na jamaa wa Gillies, aliwatibu, katika mji mdogo wa East Grinstead, marubani walioungua, na akachukua njia iliyo kinyume. Aliwaomba wakazi wawaalike wagonjwa majumbani mwao, wakae nao meza moja, wawatazame machoni na kuzungumza nao kama watu wengine, hata wale waliokuwa bado katikati ya matibabu, wenye pua na kope zisizokamilika. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, ambacho kufikia mwisho wa vita kilikuwa na wanachama 649, na mji ukajulikana kuwa mji usiokodoa macho. Funzo la miji hiyo miwili ni zito kwa Lubumbashi, kwa sababu linaonyesha kwamba ustadi wa kisu ukiwa uleule, mtu hupona kwa namna tofauti kulingana na jinsi anavyopokewa nje ya lango la hospitali.

Historia hiyo inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Michael Wood, mpasuaji aliyefanya kazi Nairobi na aliyejifunza chini ya McIndoe, alikutana na McIndoe pamoja na Thomas Rees wa New York kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1956, na kutokana na mazungumzo yao huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ilianzishwa mwaka 1957, ikakua na kuwa shirika la AMREF. Wapasuaji hao watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha umbo la mwili, na Rees alikuwa miongoni mwa wapasuaji mashuhuri wa urembo wa uso nchini Marekani. Kwamba mtu mmoja aliweza kukaza ngozi za matajiri wa Manhattan na pia kusaidia kuanzisha huduma iliyowafuata wagonjwa wa vijijini kwa ndege ndogo ni ushahidi kwamba maarifa hayo ni ya aina moja, na kwamba hayapaswi kubaki mali ya wachache.

Swali la kwanza: je, kovu litabaki?

Swali linalotangulia mengine yote ni la kovu, na jibu la kweli ni kwamba kila kisu kinachopita kina chote cha ngozi huacha kovu. Mpasuaji mwema haahidi kutokuwepo kwa kovu, bali hulificha ndani ya mikunjo ya asili, mbele au nyuma ya sikio, ukingoni mwa nywele au katika mkunjo wa kope, na hulishona bila kuivuta ngozi, kwa kuwa mvuto ndio unaolipanua kovu. Baada ya hapo mwili huchukua kazi hiyo kwa hatua tatu zinazofuatana: siku za kwanza huwa za uvimbe na usafishaji wa jeraha, wiki zinazofuata huwa za ujenzi, ambapo mwili huzalisha kwa wingi kolajeni, yaani nyuzinyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara, na miezi mingi baadaye huwa ya upangaji, ambapo nyuzinyuzi hizo hupangwa upya na kovu hulainika na kushuka.

Mgonjwa asiyezijua hatua hizo hulihukumu kovu lake mapema mno. Katika mwezi wa 2 au wa 3 kovu la kawaida huweza kuwa gumu, lenye giza na lililoinuka kuliko lilivyokuwa siku nyuzi zilipotolewa, na mtu hudhani kwamba kazi imeharibika, ilhali huo ndio wakati ambao ujenzi uko kileleni. Kovu la uso huhitaji miezi 12 hadi 18 kukomaa, na hukumu ya haki hutolewa wakati huo.

Kwa ngozi nyeusi yapo mambo mawili yanayostahili jibu la pekee. La kwanza ni keloidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na hufuata ukoo, kiasi kwamba swali la munganga kuhusu makovu ya mama, ya baba na ya ndugu lina thamani sawa na kipimo cha maabara. Keloidi hupenda ndewe za masikio, pembe ya taya, mabega na kifua, na ni nadra sana kwenye kope, ndiyo maana upasuaji wa kope hauna hatari sawa na mkato unaopita nyuma ya sikio. Mgonjwa aelezwe pia kwamba keloidi huweza kuchipuka miezi mingi baada ya jeraha kufunga, na kwamba kuikata peke yake bila tiba nyingine hakutoshi, kwa sababu mara nyingi hurudi, na huweza kurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Tiba inayoaminika huunganisha njia kadhaa: sindano za triamsinoloni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uzalishaji wa kolajeni, zinazorudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, vibandiko vya silikoni vinavyovaliwa saa nyingi za siku kwa miezi kadhaa, hereni za kubana kwa ajili ya ndewe, na, penye mitambo yake, mionzi ya kiasi kidogo baada ya kukata. Asiye tayari kurudi kwa sindano hizo ni heri asikatwe.

La pili ni weusi unaobaki baada ya jeraha. Ngozi yenye melanini nyingi, ambayo ndiyo kemikali inayoipa ngozi rangi yake, hujibu kila uchokozi kwa kuzalisha rangi zaidi, hivyo mahali palipovimba au kukwaruzwa hubaki na doa kwa miezi. Doa hilo kwa kawaida hufifia lenyewe, lakini jua hulichelewesha, na Lubumbashi, iliyo juu ya uwanda wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ina jua kali hata katika miezi ya baridi. Kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya kukinga jua, hasa yale yaliyotiwa rangi kwa oksidi ya chuma ambayo huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, ni sehemu ya matibabu, na mtu asiyaone kuwa mapambo ya watalii.

Swali la pili: usingizi, damu na maumivu

Hofu ya kutoamka ni ya zamani na ina haki yake. Upasuaji mwingi wa uso, kama vile kuondoa kovu, kurekebisha ndewe au kupunguza kope, hufanywa kwa ganzi, yaani dawa ya sindano inayozima hisia mahali pamoja tu wakati mgonjwa yuko macho. Upasuaji mrefu huhitaji nusukaputi, yaani usingizi wa dawa unaosimamiwa na mtaalamu wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kufunga chakula kizito kwa saa 6 kabla ya nusukaputi si desturi tupu: tumbo lililojaa huweza kumwaga chakula kwenye mapafu ya mtu aliyelala, na anayekula kwa siri kwa kuona huruma ya njaa anaiweka roho yake hatarini.

Vipimo vya kabla ya upasuaji navyo huonekana kwa wengine kuwa njia ya kuongeza bili, na hapa maelezo ni ya lazima. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Nigeria na India, ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mgonjwa wa selimundu akikosa maji, akipatwa na baridi au akipungukiwa hewa ya oksijeni wakati wa usingizi, huweza kuingia katika maumivu makali na madhara makubwa, na usiku wa Juni na Julai mjini Lubumbashi hauna huruma kwa mtu aliyelala wodini bila blanketi ya kutosha. Kipimo cha damu kinachofichua hali hiyo humlinda mgonjwa kuliko hirizi yoyote, kama vile kupima shinikizo la damu kunavyomlinda mwenye kukazwa ngozi ya uso, kwa kuwa tatizo la kawaida zaidi baada ya upasuaji huo ni damu kukusanyika chini ya ngozi, hasa kwa mwenye shinikizo la juu, na donge hilo likiachwa huua ngozi iliyo juu yake.

Kuhusu maumivu, wagonjwa wengi hushangaa kuona kwamba uso huuma kidogo kuliko walivyodhani, na kwamba kinachowasumbua zaidi ni kubanwa, kuvimba na kufa ganzi. Jambo moja lishikwe kwa nguvu: maumivu yanayozidi ghafla upande mmoja, pamoja na uvimbe unaokua upesi, si ya kuvumilia nyumbani hadi asubuhi.

Kupona siku kwa siku

Uvimbe wa uso hufika kilele katika siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka, na michubuko ya damu hufifia kwa siku 10 hadi 14. Nyuzi za kope hutolewa kati ya siku ya 3 na ya 5, na za sehemu nyingine za uso kati ya siku ya 5 na ya 7, kwa sababu zikikaa zaidi huacha alama za vitobo pembeni mwa kovu. Kutolewa kwa nyuzi hakumaanishi kwamba jeraha limekuwa imara: baada ya wiki 3 ngozi iliyoshonwa huwa na takriban moja ya tano tu ya nguvu zake, na baada ya miezi 3 huwa na takriban asilimia 80, kiwango ambacho haikivuki sana maishani. Pua iliyobadilishwa umbo ina ratiba ndefu zaidi, kwa maana ncha yake huendelea kupungua uvimbe kwa mwaka mzima.

Maagizo yanayotolewa hospitalini hutaja kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, kutoinama na kutonyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa. Maagizo hayo ni sahihi, lakini kwa mama wa Katuba au wa Ruashi maana yake halisi ni kwamba hatainama juu ya mbabula kupuliza makala, hatasonga bukari ya watu kumi, hatabeba beseni kichwani kwenda sokoni, wala hatachota maji kwa madumu. Munganga asiyeuliza ni nani atakayezifanya kazi hizo ametoa amri isiyotekelezeka, na mgonjwa atakayerudi na jeraha lililofunguka ataitwa mkaidi wakati hakuwa na njia. Kwa sababu hiyo ndugu, dada mkubwa au shangazi anayemsindikiza mgonjwa anapaswa kukaribishwa ndani ya chumba cha maelezo, aelezwe kama mshiriki wa tiba, kwa kuwa yeye ndiye atakayeibeba ratiba ya kupona.

Ganzi inayobaki baada ya upasuaji nayo ina hatari ambazo hazitajwi vya kutosha. Neva ndogo za ngozi hukatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji na huchukua wiki au miezi kurudisha hisia, na katika muda huo mdomo usiohisi hauwezi kumwonya mtu kwamba chai inachemka; wapo wanaojiunguza mdomo na kujipatia jeraha la pili bila kuhisi lolote. Chakula kiwe cha vuguvugu na laini, uji na sombe iliyopondwa vizuri, na kipimwe kwanza kwa kidole. Tofauti na neva za hisia, neva ya usoni ndiyo inayoendesha misuli ya kutabasamu, kufumba macho na kukunja paji, na kudhurika kwake ni nadra lakini huogopwa kwa haki. Udhaifu wa siku za kwanza mara nyingi hutokana na dawa ya ganzi au uvimbe na hupona, bali mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari hiyo kabla na si baada.

Majira ya mwaka yafikiriwe pia. Kiangazi, kuanzia takriban Mei hadi Septemba, huleta vumbi jekundu linalotua juu ya kila jeraha katika barabara zisizo na lami, na mvua za Novemba hadi Machi huleta unyevu na jasho chini ya bandeji. Hakuna majira yasiyofaa kabisa, lakini kila moja lina masharti yake ya kuosha na kufunika jeraha. Tumbaku haina majira: mwaka 1984 Rees, yuleyule wa Kilimanjaro, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliokazwa ngozi ya uso, wakaonyesha kwamba kufa kwa ngozi kuliwapata wavutaji kwa kiwango cha zaidi ya mara 12 kuliko wasiovuta, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo inayoilisha ngozi iliyoinuliwa. Kuacha kuvuta wiki 4 kabla na wiki 4 baada ni sharti.

Mwisho, yapo mashaka ya moyo. Katika wiki ya kwanza na ya pili, anapojitazama kwenye kioo akaona uso uliovimba usiofanana na wake wa zamani wala na ule alioutarajia, mgonjwa huweza kuingia katika huzuni na majuto. Huzuni hiyo inajulikana, kwa wengi hupita pamoja na uvimbe, na aliyeonywa mapema huivuka kwa urahisi. Lakini mtu ambaye kwa miaka ameteswa na kasoro ambayo wengine hawaioni kabisa, aliyekwisha kupasuliwa mara kadhaa bila kuridhika, anahitaji kwanza msaada wa daktari wa akili, kwani kisu hakiwezi kuondoa maumivu yaliyo katika namna ya kujiona.

Ngozi iliyochubuliwa

Haiwezekani kuzungumzia upasuaji wa uso mjini Lubumbashi bila kutaja kujichubua, yaani kuing'arisha ngozi kwa krimu, sabuni na sindano. Dawa tatu hurudi mara kwa mara ndani ya bidhaa hizo: haidrokwinoni, inayozuia uzalishaji wa melanini na ambayo ikitumiwa kwa miaka huweza kuleta madoa ya buluu iliyokoza yasiyotoka, steroidi kali, ambazo hupunguza unene wa ngozi, na zebaki, metali yenye sumu inayodhuru figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ziliazimia kuziondoa sokoni, ifikapo mwaka 2025, bidhaa zote za urembo zilizotiwa zebaki, lakini maazimio hayafiki yenyewe kwenye vibanda vya soko.

Kwa mpasuaji jambo hili lina uzito wa pekee. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi haishiki nyuzi, jeraha lake huchelewa kufunga, na vijidudu huipenya kwa wepesi. Zaidi ya hayo, steroidi iliyopenya mwilini kwa miaka huweza kuzilegeza tezi zinazouwezesha mwili kustahimili mshtuko wa upasuaji. Mgonjwa anayeficha habari hiyo kwa aibu anajidhuru, na daktari anayeiuliza kwa dharau ndiye anayemfundisha kuificha. Swali liulizwe kwa kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, kwa sauti ileile inayotumika kuuliza kuhusu kisukari, na jibu lipokewe bila mahubiri.

Mtoto mwenye mdomo sungura

Maswali ya wazazi wa mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, pengine pamoja na kaakaa, yana uchungu wake. Kasoro hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 700 duniani, hutokea mwanzoni mwa mimba wakati sehemu za uso wa kijusi zinaposhindwa kuungana, na haiji kwa kosa la mama, kwa uchawi wala kwa laana ya ukoo. Sentensi hiyo moja, ikitamkwa na munganga mbele ya baba na mama mkwe, huweza kuokoa ndoa na wakati mwingine maisha ya mtoto.

Wazazi hutaka mtoto ashonwe siku ileile, lakini kusubiri kuna sababu: wapasuaji wengi hufuata kanuni ya wiki 10 za umri, kilo 4.5 za uzito na gramu 10 za hemoglobini kwa desilita ya damu, na kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto apate nafasi ya kujifunza kusema vizuri. Muda wa kungoja ni wa kumlisha, kwa kijiko au kikombe, akiwa ameketishwa wima, kwa kuwa anayekufa kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji mara nyingi hufa kwa utapiamlo. Njia ya kushona mdomo iliyoenea zaidi duniani, ya kuzungusha kipande kimoja cha mdomo na kukisogeza kingine, iliasisiwa na Ralph Millard wa Marekani katika miaka ya 1950, na matokeo yake ni mema kiasi kwamba kovu hukaa kwenye ukingo wa mfereji wa asili ulio chini ya pua. Hata hivyo wazazi waambiwe kwamba mtoto atahitaji kufuatiliwa meno, masikio na usemi hadi atakapokua.

Ukweli kabla ya kisu

Sheria Na. 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya afya ya umma nchini Kongo, na Baraza la Madaktari, lililoundwa mwaka 1968, vinatoa msingi wa kisheria na wa kimaadili wa kumheshimu mgonjwa; lakini idhini yenye maana haipatikani kwa saini peke yake. Madaktari wa Lubumbashi hufundishwa kwa Kifaransa, karatasi za idhini huandikwa kwa Kifaransa, na mgonjwa huwaza, huogopa na kuomba kwa Kiswahili. Idhini iliyotiwa saini katika lugha isiyomfikia mtu moyoni humlinda daktari mahakamani, na mgonjwa hubaki bila ulinzi.

Bei nayo ielezwe kwa ukamilifu, kwa faranga au dola, pamoja na dawa, bandeji, sindano za keloidi na nauli za kurudi kliniki, kwa sababu bei ya siku ya upasuaji ni sehemu tu ya gharama. Jambo hilo linawahusu hata wanaosafiri kwenda Afrika Kusini, India au Uturuki kutafuta huduma: upasuaji huweza kuwa mzuri, lakini mwenye kurudi nyumbani kabla ya nyuzi kutolewa, bila ripoti ya upasuaji, humfikia daktari wa hapa akiwa na jeraha lisilo na historia. Anayesafiri adai ripoti hiyo kwa maandishi, akae huko hadi ukaguzi wa kwanza upite, na kabla ya kuondoka awe amekubaliana na daktari wa nyumbani atakayempokea. Na yeyote anayeahidi uso mpya kwa siku moja, kwa sindano za bidhaa isiyo na jina katika chumba cha saluni, akataliwe bila kuonewa haya.

Kutokana na yote yaliyoelezwa, mambo matatu yanaweza kufanywa Lubumbashi bila kungoja mitambo mipya. Kwanza, kila hospitali inayopasua uso iandae karatasi ya kupona kwa Kiswahili cha hapa, inayotaja mbabula, beseni na vumbi kwa majina yake. Pili, kila mgonjwa apewe miadi ya kovu katika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, ili keloidi ikamatwe ingali changa na mashaka yajibiwe kwa wakati. Tatu, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiwafundishe wanafunzi wake kuyaeleza haya kwa lugha ya mgonjwa, na kiwatahini kwa hilo kama kinavyowatahini kwa anatomia. Jamii nayo ina sehemu yake, ambayo ni kumpokea mwenye uso unaopona kama East Grinstead ilivyowapokea marubani wake: kumsalimu, kumtazama machoni, kumpa kiti, na kumwacha aeleze kilichompata siku atakayopenda mwenyewe.